Mzigo wa Mwenzio: Mpagazi wa Unyamwezi Mikononi mwa Waandishi



Mada niliyoombwa kuizungumzia jioni hii inahusu wahusika na tajriba. Swali lake ni hili: je, mwandishi anaweza kumuumba mhusika ambaye maisha yake hayakufanana na yake mwenyewe? Na akithubutu, ana haki gani ya kufanya hivyo? Suala hili linajadiliwa sana katika vyuo vya Ulaya na Marekani, nasi tumelipokea pamoja na maneno yake ya kuazima. Siku hizi husikia watu wakisema kwamba mwandishi hana budi kuvaa viatu vya mwenzake. Usemi huo umetoka Kiingereza, na kwa watu ninaokusudia kuwazungumzia hauna mashiko, maana wengi wao walitembea peku.

Lugha yetu ina namna zake za kulitazama jambo hili. Tuna methali isemayo kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na nyingine isemayo kuwa kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Methali hizi mbili hufunga mlango: asiyepatwa hajui, na hapana la kumfundisha. Lakini ipo ya tatu, nayo ni tofauti kabisa kwa mantiki yake: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hii haisemi kwamba huwezi kuujua mzigo wa mwenzio. Inasema kwamba ukiutazama kwa mbali utauona mwepesi, yaani utakosea kipimo. Na kosa la kipimo ni kosa linaloweza kusahihishwa. Mzigo hupimwa kwa mizani, hubebwa kwa hatua chache, na mwenye nao huulizwa ameutoa wapi. Hii ndiyo methali nitakayoifuata, na mzigo nitakaoutazama ni mzigo hasa, uliobebwa begani kutoka Tabora hadi Bagamoyo na kurudi.

Mzigo huo kwa kawaida ulikuwa na uzito wa frasila mbili hivi, yaani kama kilo 32. Kwenda pwani ulikuwa pembe. Kurudi bara ulikuwa merikani, shanga, waya wa shaba au nyeusi, na baruti. Juu yake mpagazi aliongeza vyake mwenyewe: mkeka, chungu cha kupikia, posho, na silaha. Njia ilikuwa na urefu uliozidi kilomita 800, ikapita Ugogo ambako watemi walidai hongo, ikapita na nyika kame ya Mgunda Mkali, ambako msafara haukuweza kupiga kambi adhuhuri na kupumzika. Hapo ilibidi kuterekeza, yaani kusafiri tena mchana kutwa ili kuyawahi maji. Safari nzima ilichukua miezi kama mitatu ikiwa mambo yamekwenda vyema.

Burton na Speke walipofika Kazeh, mahali palipo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, walikuta mji wa wafanyabiashara Waarabu ambao umri wake ulikuwa mdogo kuliko umri wa kazi ya upagazi. Wanyamwezi walikuwa wamekwisha kufungua njia ya pwani kabla Waarabu hawajajenga matembe yao Unyanyembe. Burton, ambaye hakuwa mtu wa kuwasifu Waafrika, aliandika kwamba kwa Mnyamwezi safari ya pwani ilikuwa ndiyo kipimo cha uanaume, na kwamba watoto wa miaka sita au saba walionekana wakibeba vijipembe vidogo begani kwa kujizoeza. Vijana wengi waliondoka baada ya mavuno na kujitahidi kurudi kabla ya kilimo. Walikuwa na kiongozi wao, kirangozi, aliyetangulia mbele na mapambo yake. Walikuwa na wanyapara. Walikuwa na ujira waliopatana kwa doti na shuka. Na walipopunjwa waliweka mizigo chini, wakakaa. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake kuhusu wapagazi kilichotoka mwaka 2006, ameonyesha kwa ushahidi mwingi kwamba sehemu kubwa ya wapagazi wa njia hii walikuwa wafanyakazi wa ujira, na kwamba wake zao pia walisafiri nao, wakipika, wakibeba na kufanya biashara zao ndogondogo.

Sisemi kwamba utumwa haukuwako. Ulikuwako, na ukatili wake hauna haja ya kuongezwa chumvi. Watumwa walipelekwa pwani kwa njia hiyohiyo, wengine wakiwa wamefungwa minyororo. Aidha, miongoni mwa wapagazi waliotoka Unguja na Mrima, waliojiita waungwana, walikuwamo wengi ambao kwa sheria ya wakati ule walikuwa watumwa, na mabwana zao walichukua sehemu ya ujira wao. Ninachosema ni kwamba katika njia moja walipita watu wa hali nyingi, na kumbukumbu yetu imewakunja wote katika umbo moja.

Tazameni jina la Bagamoyo. Wengi hulichambua kuwa ni bwaga moyo. Kitenzi ni kimoja na nomino ni moja, lakini maana zimekuwa mbili. Ya kwanza, ambayo watalii huielezwa, ni ya mtumwa: hapa ndipo alipouacha moyo wake, maana mbele yake ilikuwa bahari na nyuma yake nchi asiyoiona tena. Ya pili ni ya mpagazi: hapa ndipo alipotua mzigo, moyo ukatulia, akaogelea, akalipwa, akanunua nguo za kuwapelekea watu wa kwao. Sarufi haiwezi kuamua baina ya maana hizi. Anayeamua ni msikilizaji, kutegemea ni nani anayemwona kichwani mwake akishuka ule mteremko wa mwisho kuelekea baharini. Kwa maneno mengine, etimolojia ya jina hili imekuwa suala la uumbaji wa mhusika. Na mhusika mmoja amemshinda mwenzake. Mwaka 2006, mwaka uleule wa kitabu cha Rockel, nchi yetu iliingiza njia hii katika orodha ya awali ya UNESCO kwa jina la njia ya watumwa na pembe za ndovu. Mtoto wa shule anayepelekwa kuitazama miembe mikongwe ya Tabora huambiwa kwamba waliopita chini yake walikuwa watumwa. Babu wa babu yake, aliyekwenda pwani kwa hiari mara tano na kurudi na doti za merikani, hana jina katika maelezo hayo. Amepewa huruma badala ya ujira wake.

Nani basi ameandika juu ya mpagazi huyu kwa Kiswahili? Yafaa tuanze na walioiishi njia yenyewe, kwa sababu nadharia inayosema kwamba tajriba ndiyo hati ya kumiliki hadithi ingetufanya tutarajie mengi kutoka kwao.

Hamed bin Muhammed el-Murjebi, anayejulikana kwa jina la Tippu Tip, aliandika habari za maisha yake kwa hati za Kiarabu kwa kuhimizwa na Mjerumani Heinrich Brode, naye Brode akazitoa mjini Berlin mwaka 1902 na 1903. Ni mojawapo ya nathari bora za Kiswahili cha karne ya kumi na tisa, nayo ni kazi ninayopenda kuifundisha. Hakuna mtu wa pwani aliyetembea na wapagazi zaidi yake. Alianza njia ya Tabora angali kijana. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa na makazi Unyanyembe na alimwoa Karunde, binti Mtemi Fundikira. Kwa hiyo Wanyamwezi hawakuwa wageni kwake. Kwa ndoa ya baba yake walikuwa wakwe.

Na bado katika kitabu chake mpagazi haonekani. Frasila za pembe zimehesabiwa kwa uangalifu mkubwa, wenye mali waliomkopesha wametajwa kwa majina na nasaba zao, lakini wapagazi huja kama idadi. Mpagazi anapopata kuwa mtendaji wa kitenzi, mara nyingi kitenzi chenyewe ni kutoroka. Kisa kimoja kinajulikana sana. Wapagazi aliowaajiri Uzaramo walipotoroka, aliwarudia katika vijiji vyao, akakamata watu wapatao 800 na kuwatia minyororo. Kwa kitendo hicho akapewa jina la Kingugwa, yaani chui, kwa sababu chui hushambulia huku na huku. Anakisimulia kisa hiki kama habari ya ushujaa na ya kazi iliyokamilika. Hapana neno juu ya kilichowafanya watoroke. Msomaji wa leo hubaki na maswali: posho ilikuwa imepungua? Palikuwa na habari ya njaa huko mbele? Kulikuwa na maziko nyumbani? Tippu Tip alikuwa na nafasi ya kuuliza kuliko mtu yeyote aliyepata kushika kalamu. Hakuuliza, kwa kuwa jibu lisingebadilisha lolote katika hesabu yake.

Selemani bin Mwenye Chande, ambaye habari yake ya safari ya bara imo katika mkusanyo wa Carl Velten uitwao Safari za Wasuaheli, wa mwaka 1901, ni mtu wa aina nyingine. Yeye ni mfanyabiashara wa kawaida. Njaa anaijua, hongo inamuumiza, na hofu yake haifichi. Ukimsoma unampenda. Lakini watu wa bara, hata wale waliompa chakula, kwake ni washenzi. Neno hilo halina hasira ndani yake, nalo hulitumia kama mtu atumiavyo jina la mti au la mto, na hapo ndipo ulipo ubaya wake, maana chuki huweza kujadiliwa, ilhali neno la kawaida halijadiliwi. Kinyume chake ni mstaarabu, na kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba asili ya neno hilo kwa Kiarabu ni kuwa kama Mwarabu. Selemani alipokuwa akitembea miezi mitatu pamoja na Wanyamwezi, alitembea pia na msamiati ambao ulikuwa umekwisha kumwamulia kabla hajafungua macho.

Natoka hapo na hitimisho ambalo halitawapendeza wale wanaoamini kwamba kuishi jambo ni kulielewa. Walioishi njia hii bega kwa bega na mpagazi walimwona kwa nadra kuliko walivyouona mzigo wake.

Juu ya James Mbotela nitapita upesi. Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934, kiliandikwa na mtu aliyezaliwa katika jamii ya watumwa walioachwa huru, huko Freretown karibu na Mombasa. Habari za utumwa alizipata kwa wazee wake wenyewe. Lakini kitabu kina wakombozi wanaong'aa na wakatili weusi tititi wa moyo, kama misheni ilivyofundisha, na wazee wale hawapati nafasi ya kusema jambo ambalo mlezi wao asingependa kulisikia. Hata urithi wa damu unaweza kusemea kwa sauti ya mwingine. Naye J. B. Kabeya, kwa kitabu chake juu ya Mtemi Mirambo kilichotolewa mwaka 1966, alitenda jambo lililohitajika sana miaka ile: alimpa Mnyamwezi kiti cha shujaa. Mirambo aliyewafungia Waarabu wa Tabora njia mwaka 1871 alistahili kitabu. Ila ni kitabu cha mtemi. Wapagazi wa Urambo wamebaki walipokuwa.

Sasa nageukia mwandishi ambaye hakuitembea njia hii, wala hakuandika kwa Kiswahili. Abdulrazak Gurnah alizaliwa Unguja mwaka 1948, akaishi Uingereza tangu ujana wake, na mwaka 1994 akatoa riwaya ambayo leo tunaisoma kwa lugha yetu kwa jina la Peponi, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kutunukiwa Nishani ya Nobel ya Fasihi. Yusuf, kijana aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, anaingia bara pamoja na msafara wa tajiri Aziz. Wahakiki wamekwisha kuonyesha jinsi riwaya hii inavyozungumza na maandishi ya Tippu Tip na ya Selemani. Gurnah aliyasoma, akayageuza ndani nje. Safari ileile ambayo kwa wale wawili ni habari ya biashara, kwake ni habari ya mtoto asiye na bei ya kujikomboa, anayetazama namna watu wanavyotiwa bei.

Wapo waliomlaumu kwamba hata kwake watu wa bara hubaki mbali, wenye kutisha, wasioeleweka. Mimi huona lawama hiyo imekosea mahali. Gurnah hakudai kumjua asiyemjua. Amempa msomaji macho ya kijana wa pwani na mipaka ya macho hayo, na anapofika Mtemi Chatu mbele ya wafanyabiashara, msomaji anaisikia hoja ya upande wa pili hata kama Yusuf haielewi yote: kwamba wenyeji nao walikwisha kuwaona wageni kama hawa, wakajua walivyotendewa. Hoja ndiyo inayomtoa mtu katika umbo la mti na mto. Mhusika mgeni anaweza kuwa na siri nyingi ambazo mwandishi hazifungui, mradi ana sababu zake.

Hapa niruhusuni niseme kama mwanaisimu, maana kuna jambo linalonikera katika maigizo yetu ya redio na jukwaa, na katika baadhi ya riwaya. Mtu wa bara akiingia, huingizwa kwa matamshi. Msukuma na Mnyamwezi hupewa /l/ mahali pa /r/, upatanisho wa ngeli huharibiwa kidogo, na watazamaji hucheka kabla hajasema neno la maana. Ni kweli kwamba Kinyamwezi hakitofautishi sauti hizo mbili. Lakini ni kweli vilevile kwamba Kinyamwezi ni lugha ya toni, na Kiswahili si lugha ya toni. Mtu wa Mrima aliyejaribu kununua kuku Unyanyembe kwa Kinyamwezi chake kisicho na toni alikuwa kichekesho kikubwa zaidi, na jioni, katika tembe la aliyemuuzia, bila shaka aliigwa mpaka watoto wakashika mbavu. Kicheko hicho hakikuandikwa. Lugha ya ukurasa huamua nani anaonekana kuwa na kigugumizi. Mwandishi anayemwandikia Mnyamwezi Kiswahili kilichovunjika hata pale anapozungumza na mkewe, tena kwa lugha yao wenyewe, amemvunja akili, si ulimi tu.

Nije kwenye jambo ninaloliona kuwa zito kuliko yote, nalo ni utani.

Wasomi wa Ulaya, tangu makala za R. E. Moreau za miaka ya 1940, wamelieleza sana jambo hili, lakini hapa ukumbini wengi wetu tumelelewa nalo. Wanyamwezi ni watani wa Wazaramo, wa Wakwere, wa Waluguru, wa Wagogo na wengine. Ukilichora jambo hilo katika ramani, utaona kwamba umeichora njia ya misafara. Hawa ni watu waliokuwa wakipitiana katika nchi zao, mara nyingine wakipigana, na kila mmoja alihitaji, siku ya shida, mtu wa kumtegemea mbali na kwao. Mpagazi aliyeugua ndui akaachwa na msafara wake alikuwa na nani? Ndugu zake walikuwa mwendo wa miezi miwili. Alikuwa na mtani.

Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, nawe usikasirike. Anaweza kuingia ukumbini kwako akachukua kuku. Anaweza kuigiza mwendo wako, matamshi yako, ulafi wako, na hata kifo chako: msibani, watu wakilia, yeye hujitupa kaburini na kukataa kutoka mpaka alipwe. Hakuna uumbaji wa mhusika ulio mkali kuliko huo, kwa maana mtani husema yale ambayo ndugu hawathubutu kuyasema juu ya marehemu. Lakini mtani huyohuyo ndiye anayechimba kaburi. Ndiye anayeiosha maiti ya mgeni aliyekufa njiani, akaisitiri kwa nguo yake. Ruhusa ya kuigiza haikutolewa bure. Imefungwa pamoja na wajibu wa kuzika, na mtu anayetaka ruhusa hiyo bila wajibu wake huitwa kwa jina jingine, wala kuku hapewi.

Kwa fikira zangu, mababu zetu wa njia ya kati walilijibu swali la jioni hii kabla halijaulizwa huko Ulaya. Hawakuuliza kama Mzaramo amepata kuwa Mnyamwezi ndipo aruhusiwe kumwigiza. Walijua kwamba hawezi kuwa. Waliuliza anadaiwa nini na anayemwigiza. Mwandishi wa pwani anayemwandika mpagazi, au wa Dar es Salaam anayemwandika mchunga ng'ombe wa Meatu, ana deni la namna hiyo. Lazima ajue aliyemwandika alilipwa doti ngapi na alinyimwa ngapi. Lazima ajue alivyoitwa na mama yake, si alivyoandikwa katika daftari la mwajiri. Hiyo ni kazi ya nyaraka na ya lugha, tena ni kazi ndefu inayochosha. Wanafunzi wangu hunung'unika ninapowataka wajifunze walau mwaka mmoja wa lugha ya mhusika wao kabla hawajamfungulia kinywa. Nawaambia kwamba mpagazi alijifunza Kiswahili akiwa na frasila mbili begani.

Lugha yenyewe ina dokezo juu ya kazi hiyo. Mpagazi hutokana na kitenzi kupagaa, kubeba begani. Kutoka hapo tuna kupagaza, kumtwika mtu mzigo. Lakini pepo naye hupagaa: humpanda mtu, na mtu huyo amepagawa, akasema kwa sauti isiyo yake. Kamusi huviweka vyote katika kidahizo kimoja. Tippu Tip alijua kupagaza tu.

Namalizia kwa jambo lililotendeka Kwihara, nje kidogo ya Tabora, ambako tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 sasa ni makumbusho. Livingstone alifariki kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, mwanzoni mwa Mei 1873. Watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliuzika moyo wake pale, wakaikausha maiti na kuibeba hadi pwani, wakafika Bagamoyo Februari 1874. Oktoba 1873 walikuwa Unyanyembe, na Mwingereza Cameron aliyekuwa hapo aliwashauri waizike maiti hukohuko, kwa kuwa njia ya Ugogo ilikuwa ya hatari. Walikataa. Wapagazi, wapishi, wanawake na vijana waliosomeshwa Nashik huko India walimkatalia afisa wa jeshi la majini la Uingereza, na wakaendelea na safari.

Mwaka 2019 Petina Gappah, mwandishi wa Zimbabwe, alitoa riwaya ya Kiingereza juu ya safari hiyo, akiwapa usimulizi watu wawili: Jacob Wainwright, kijana Myao wa Nashik aliyekuwa akiandika shajara, na Halima, mpishi. Gappah si Myao, si mtu wa Unguja, wala si mwanamke wa karne ya kumi na tisa. Halima wake anaishi kwa sababu ana mambo yake: ana umbeya, ana maoni juu ya chakula na juu ya wanaume, na anaikumbuka ahadi ya nyumba. Ahadi hiyo haikubuniwa. Livingstone mwenyewe aliandika katika shajara kwamba atamnunulia Halima nyumba yenye bustani Unguja. Gappah aliuona mstari huo mmoja kama deni, akalifuata. Riwaya ya Kiswahili ambayo mpagazi wa Unyamwezi ndiye mwenye hadithi naingoja bado, na mwandishi wake, awe wa Tabora au wa Lamu, nitampa kisa hiki kimoja cha kuanzia.

Baada ya kuondoka Kwihara msafara ulifika Kasekera. Habari zilikuwa zimetangulia kwamba wanabeba maiti, na watu wa mbele wasingeiruhusu ipite katika nchi yao. Wapagazi wakafanya shauri usiku. Wakachukua mabua ya mtama, wakayakata na kuyafunga kwa nguo mpaka yakafanana na maiti, wakatangaza kwamba wamekubali kurudi Unyanyembe kuizika. Maiti yenyewe wakaifunga upya kwa umbo la mzigo wa kawaida wa nguo, ukaingia katika safu pamoja na mizigo mingine. Watu sita wakatoka kwa heshima zote, wamebeba mabua, wakashika njia ya kurudi. Walipokuwa mbali na macho ya watu waliifungua ile maiti ya mabua, wakayatawanya porini moja baada ya jingine, wakazificha nguo, kisha wakarudi kwa wenzao kwa njia za kificho.

Haya tunayajua kwa sababu Susi na Chuma walimsimulia Horace Waller huko Uingereza mwaka 1874, naye akayaandika kwa Kiingereza chake, kwa aya chache. Hakuandika majina ya wale sita. Hakuandika walizungumza nini, wala kwa lugha gani, walipokuwa wakiyatupa mabua yale kichakani, wala ni nani kati yao aliyekuwa wa kwanza kucheka.